Ua Linalohama na Mwenyewe
Kulima tuberosi mjini Kampala, na kuzikinga na maji, baridi, mbuzi na mbawala

Wengine wenu mtatuuliza: maua ya nini wakati sufuria iko tupu? Swali ni la haki na hatulikwepi. Mgao wa chakula kwenye makazi umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020, na wengi wetu tunaoishi Kampala hata mgao huo hatuuoni. Hapa mjini kila mtu anajitafutia kodi ya muzigo, ada ya shule na posho ya jioni. Kwa hiyo tuseme mapema: aliye na kipande kimoja tu cha udongo apande maharagwe na lengalenga, ile ambayo Waganda wanaiita dodo. Kwanza kula.

Lakini karibu kila ua wa nyumba, iwe Katwe, Nsambya, Ndejje au Masajja, una pembe ambayo haipandwi kitu. Kuna ukanda wa futi mbili kando ya ukuta. Kuna jerikani zilizotoboka. Kuna magunia mawili matatu mlangoni. Pembe hizo ndizo tunazozizungumzia leo, na ua tunalolizungumzia linaitwa tuberosi.

Wengi mmeliona bila kujua jina lake. Ni lile ua jeupe la kwenye harusi, lenye bua refu linalofika karibu urefu wa mita moja, maua madogo yamepangana juu kwa juu, na harufu inayozidi jua likizama. Asili yake ni Meksiko. Wahindi wanalipenda sana na wanalifunga kwenye mataji ya maharusi; Wafaransa walililima Grasse kwa ajili ya manukato. Jirani zetu Kenya, wakulima wadogo wa nyanda za juu wanalilima shambani bila nyumba ya plastiki. Ingawa jina linafanana na la waridi, halina undugu na waridi hata kidogo. Ndugu yake wa karibu ni mkonge, ule wa kamba na magunia. Ukilijua hilo umeshajua nusu ya tabia yake: linataka jua, linavumilia ukame kidogo, na halipendi kusimama ndani ya maji.

Kampala inaoa kila Jumamosi. Ukiacha harusi za kanisani na za msikitini kuna kwanjula, kuna sherehe za kumaliza chuo, na kuna mazishi, ambayo nayo siku hizi yanataka maua. Wapambaji wanatafuta ua jeupe lenye harufu. Waridi linatoka kwenye mashamba makubwa ya pembeni mwa Ziwa Victoria, upande wa Entebbe na Mukono, yaliyoanza miaka ya 1990. Mashamba hayo yana nyumba za plastiki, dawa na vyumba vya baridi. Mtu wa jerikani tano hawezi kushindana nayo. Kwenye tuberosi anaweza, maana halitaki nyumba ya plastiki, na ua lililokatwa asubuhi kule Bunga linafika kwa mpambaji bado lina umande.

Sababu kubwa zaidi, kwetu sisi, iko chini ya udongo. Tuberosi inaota kutoka kwenye tunguu, kitu kama kitunguu kidogo kirefu. Mwenye nyumba akikuambia mwisho wa mwezi utoke, parachichi ulilolipanda linabaki kuwa lake. Migomba inabaki. Tuberosi unaichimba, unakung'uta udongo, unaifunga kwenye gunia pamoja na vyombo, unaondoka nayo. Ikikaa mahali pakavu penye hewa inasubiri wiki kadhaa bila kufa. Kwa mtu ambaye hajui mwakani atalala wapi, sisi tunaona hilo si jambo dogo.

Pamoja na hayo, usipande kabla ya kuomba ruhusa. Mwambie mwenye nyumba mbele ya mtu wa tatu kwamba matunguu ni yako na utaondoka nayo. Maneno ya mdomo bila shahidi yamewaletea watu matatizo mengi hapa mjini.

KUPANDA

Matunguu yanapatikana kwenye vitalu vya kando ya barabara, au kwa mtu aliye na bustani ya zamani iliyosongamana. Uliza zaidi ya mahali pamoja kabla ya kutoa pesa. Chagua yaliyo magumu, mazito, yenye upana wa sentimita mbili au zaidi. Madogo yanaota majani mazuri tu na mwaka wa kwanza hayatoi ua; kama muuzaji anakupa ya ukubwa wa kidole cha mtoto, mwambie bei iwe ya mtoto pia. Likibonyea ukilibana, limeoza.

Kuna aina mbili. Moja ina maua mepesi, petali safu moja, na harufu yake ni kali zaidi. Nyingine ina petali nyingi zilizojazana, nzuri kwa macho, lakini ikikatwa mapema maua ya juu yanagoma kufunguka. Anayeanza aanze na ile nyepesi.

Udongo mwekundu wa Kampala unashika maji kama bakuli. Inua tuta angalau kimo cha shubiri moja, changanya na mchanga na mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa. Mbolea mbichi inaunguza. Panda sentimita tano hadi saba kwenda chini, ncha ikiangalia juu, na kati ya tunguu na tunguu acha sentimita ishirini. Kwa kipimo hicho mita moja ya mraba inaingia matunguu ishirini na matano, na tuta la mita moja kwa nne ni matunguu mia. Kwa jerikani ya lita ishirini, ikate kwa urefu uilaze, toboa chini matundu mengi, na utaweka matano au sita. Jua lazima, angalau nusu ya siku. Pale nyuma ya choo ambapo jua halifiki, weka kitu kingine.

Tuberosi usiipande mahali palipotoka nyanya au biringanya. Udongo huo mara nyingi umebaki na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyofanya mizizi ivimbe mafundomafundo. Kupanda bangi bangi, yale maua ya njano yenye harufu kali, msimu mmoja kabla kunasaidia kuvipunguza.

Baada ya hapo ni kungoja miezi mitatu hadi minne, wakati mwingine zaidi. Kila tunguu linatoa bua moja la maua na halirudii tena. Usisikitike, maana pembeni yake limezaa watoto, na hao ndio watakaotoa maua mbele. Baada ya miaka miwili au mitatu shina linasongamana. Chimba, gawa, pumzisha matunguu kivulini kama mwezi mmoja, kisha panda upya. Mtu aliyeanza na matunguu ishirini hana haja ya kununua mengine.

Angalizo kwa wazazi: matunguu haya hayaliwi. Usiyatundike jikoni karibu na vitunguu na vitunguu saumu, mtoto akitumwa anaweza kukosea.

MAJI NA BARIDI

Kampala haina baridi ya kuua tuberosi. Hata usiku wa Julai, ambapo sisi tuliotoka Uvira na Kalemie tunajifunika blanketi mbili, ua hili linaendelea tu. Kinachoua hapa ni maji. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, zinaweza kuozesha tuta zima kwa wiki mbili kama mtaro umeziba. Majani yakianza kuwa ya njano kuanzia chini na shina likinuka, ng'oa lile shina na udongo wake, tupa mbali. Mvua ya mawe nayo inavunja mabua. Aliyepanda kwenye jerikani ana bahati, anazivuta chini ya upenu.

Mambo ni mengine kwa ndugu zetu waliopitia au waliobaki upande wa Kisoro na Kabale. Huko ni juu, karibu mita 2,000, na usiku wa kiangazi wenye anga safi hewa baridi inateremka kutoka mlimani na kulala bondeni. Watu wa Masisi na wa Minembwe wanaijua vizuri. Huko panda kwenye mteremko badala ya bondeni, au kando ya ukuta unaopigwa na jua mchana, kwa sababu ukuta unaurudisha ule moto usiku. Jioni funika kwa majani makavu ya mgomba, asubuhi funua. Tegemea maua yachelewe.

Na baridi yenyewe hasa iko kwa wale waliohamishiwa Marekani na Kanada. Wanapiga simu wakiuliza, kwa nini ua la mama lilikufa? Lilikufa kwa sababu lilibaki ardhini. Kwenye miji kama Louisville au Grand Rapids, ambako familia nyingi za Kikongo zimefika, maji yaliyo ndani ya majani na matunguu yanaganda na kuyapasua. Dawa yake ni ile ile ya kuhama: majani yakianza kukauka, mara nyingi Oktoba, yachimbe matunguu, yakaushe, yaweke kwenye boksi la karatasi lenye vumbi la mbao au magazeti, ndani ya nyumba mahali pasipoganda. Yarudi nje mwezi wa Mei udongo ukipata joto. Anayekaa ghorofani apande kwenye ndoo.

Huko kuna mgeni mwingine wa bustani, kulungu. Wanaingia mpaka kwenye nyua za watu mjini, wanakula maua na maharagwe usiku, na uzio wa mita mbili wanauruka. Watu wa huko wanapandisha wavu mpaka kama mita mbili na nusu, au wananyunyizia maji yaliyochanganywa na mayai yaliyooza, maana kulungu anakula kwa pua kabla ya mdomo. Wanarudia kila baada ya mvua. Hiyo kanuni ya pua ichukueni, tutaitumia na sisi.

WANYAMA WA KWETU

Mjini adui wa kwanza ni kuku. Kuku halili tunguu, analifukua tu akitafuta wadudu, basi unakuta matunguu yamelala juu juani. Weka matawi ya miiba juu ya tuta mpaka majani yafike kimo cha kiganja. Baada ya hapo kuku hana shida tena.

Mbuzi ni jambo lingine. Mbuzi wa jirani, tena jirani ambaye ni mwenyeji, ni kesi ambayo mkimbizi haitaki. Ukimpiga mbuzi mawe umeanzisha vita. Ukinyamaza huna bustani. Sisi tunashauri hivi: kwanza uzio, halafu maneno, halafu mwenyekiti wa LC, na kwa mpangilio huo huo. Uzio wa bei ya chini ni mnyaa. Kata vijiti vya urefu wa mkono, viache vikauke jeraha siku mbili tatu, vichomeke vikikaribiana. Utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho, kwa hiyo watoto wasikate, na wewe nawa mikono mara moja. Mnyaa unachukua miezi mingi kushikana. Wakati unasubiri tumia fito na vipande vya mabati. Tumeona watu wanazungushia chandarua. Chandarua kizima kibaki kitandani, malaria haijaisha; kilichochanika kabisa ndicho cha bustani.

Halafu kuna ile mbinu ya wazee wetu ambayo haina gharama. Koroga kinyesi cha ng'ombe na maji mpaka iwe kama uji mwepesi, rushia majani kwa fagio. Mbuzi hali kitu kinachonuka hivyo. Mvua ikinyesha rudia. Bua la maua likishatokea uliache safi, maana hakuna bibi harusi atakayelishika.

Kwenye makazi ya nje ya mji hesabu inabadilika. Familia za Kyangwali karibu na msitu wa Bugoma, na za Nakivale upande wa hifadhi ya Ziwa Mburo, zinaishi jirani na vichaka vya mbawala. Huyu ndiye kulungu wetu. Anatembea peke yake au wawili, anajificha kichakani mchana, anatoka magharibi na alfajiri kula majani laini. Anachotaka zaidi ni mahali pa kujificha hatua chache kutoka kwenye chakula. Mnyime hapo: fyeka kichaka kuzunguka bustani, hatua ishirini au zaidi kama nafasi ipo, na sehemu kubwa ya kazi imeisha. Kamba yenye makopo matupu inasaidia siku chache, kisha anaizoea, kwa hiyo ihamishe. Ule uji wa kinyesi jaribuni na kwake.

Mitego hapana. Tunalisema hili kwa nguvu kwa sababu nyama inavutia na njaa ipo. Wanyamapori wa Uganda wako chini ya Mamlaka ya Wanyamapori, na Sheria ya mwaka 2019 ina faini na kifungo. Mkimbizi anayeshikwa na mguu wa mbawala ndani ya sufuria ana kesi ya kweli, na hakuna mtu wa kumtetea kwa urahisi. Tena mkumbuke kwamba kwa Waganda wa ukoo wa Ngabi mbawala ni muziro, hawamli kabisa; kumwua mbele yao ni kuwatukana.

Wanaochimba chini ni wawili, fuko na nungunungu, na hawa uzio wa juu hawaujali. Njia tunayoiona inafaa ni kuzika ile jerikani iliyokatwa, yenye matundu madogo, na kupanda ndani yake. Nyani na ngedere wanakuja mchana na wanaogopa mtu tu. Zamu ya kuwalinda iwe ya watu wazima. Mtoto asikose shule kwa sababu ya maua.

Kuna mnyama wa mwisho, wa miguu miwili, ambaye anakuja usiku wa Ijumaa kwa sababu anajua kesho kuna harusi. Kwa huyo kata maua yako Ijumaa jioni.

KUKATA NA KUUZA

Kata asubuhi mapema au jioni, maua mawili matatu ya chini yakiwa yamefunguka na ya juu bado yamefumba. Tumia kisu kikali, tumbukiza bua kwenye ndoo ya maji hapo hapo. Ukibadilisha maji kila siku yanakaa karibu wiki moja. Ndoo isilale kwenye chumba cha watoto. Harufu yake ndani ya muzigo uliofungwa inaumiza kichwa.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Lakini kutembeza bidhaa barabarani katikati ya Kampala bila leseni ni kutafuta askari wa jiji, na ndoo ya maua haikimbiliki. Bora kuuza kwa oda. Mtafute mpambaji wa mtaa wenu kabla hujapanda, umwonyeshe ua moja, muulizane bei. Ukisikia "ssente mmeka?" usijibu haraka, ulizia kwanza sokoni Nakasero ujue wengine wanauza vipi, maana bei ya Desemba na ya kipindi cha Kwaresima si moja. Kamati za harusi zina tabia ya kuahidi kulipa baada ya michango. Ninyi mtaje malipo mkononi, na muandike kwenye daftari. Wamama wanne au watano wenye tuta moja moja wakipanda kwa kupishana wiki tatu wanaweza kumhakikishia mpambaji maua kwa muda mrefu, na mpambaji anampenda mtu asiyemwangusha.

Anayetaka maua ya harusi za Desemba apande mwisho wa Julai mpaka katikati ya Agosti, amwagilie mpaka mvua za Septemba zifike, na mtaro auchimbe kabla ya mvua hizo. Aliye na matunguu ya ziada alete majina kwa wanaosambaza karatasi hii mtaani kwake. Tutawaunganisha na wanaotafuta.